Nilimwonyesha Mume Wangu Mguu Mzima

Salaam aleikum Somo,

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu miaka 34, nakaa Majengo hapa Mombasa. Nimezoea kusoma majibu unayowapa wengine, leo na mimi yamenifika. Naomba jina langu usilitoe.

Mwezi wa pili nilikuwa juu ya bodaboda natoka Kongowea na kigunia cha viazi mapajani. Matatu ikatubana, tukaangukia upande wa kulia, pikipiki ikanilalia mguu. Mfupa ule mwembamba wa nje, chini kidogo ya goti, ukavunjika. Nilitiwa plasta siku hiyo hiyo. Hospitali siitaji. Usiku wa pili mguu ukawa unawaka moto ndani ya plasta. Nikalalamika, nikaambiwa nivumilie, mfupa ndio unaunga. Nikavumilia wiki sita. Plasta ilipokatwa mfupa ulikuwa umeunga kweli, lakini wayo ulining'inia kama kitambaa kilicholowa maji. Siwezi kuuinua. Kidole gumba siwezi kukiinua. Juu ya wayo mpaka ubavuni mwa muundi ni ganzi tupu.

Daktari alisema ni neva, imepita pale pale palipovunjika, akaniandikia fizio. Tangu mwezi wa nne naenda mara tatu kwa wiki, shilingi 1,000 kila mara, na nauli ya tuktuk juu yake. Fizio mwenyewe ni kijana mwenye adabu. Hunivuta kisigino, hunitia mashine ya umeme mpaka wayo unaruka kidogo, kisha huniambia, "Haya mama, jaribu mwenyewe." Najaribu mpaka jasho linanitoka kwenye nyusi, na wayo umelala vile vile. Akimaliza hunigonga kwa ncha ya kidole pembeni mwa mguu akiniuliza nasikia nini. Nasikia kama shoti inateremka. Mwanzo ilikuwa akigonga pale gotini, siku hizi ni mpaka agonge katikati ya muundi. Yeye huandika kwenye daftari lake, mimi navaa buibui langu nakwenda zangu.

Ndara ndiyo inayoniaibisha. Juzi nimeshuka kwenye matatu, nimetembea mpaka mlangoni kwangu, namsikia mtoto ananiita nyuma, "Mama, ndara yako!" Ilinivuka huko stejini na sikuhisi kitu. Pindo la buibui nalo nalikanyaga kila siku. Sala nasalia kwenye kiti. Jioni nauza viazi karai barazani, asubuhi nakuna nazi ya mbaazi. Mwezi uliopita nilipokuwa naosha watoto usiku, binti yangu akaniuliza, "Mama, hili lengelenge limetoka wapi?" Juu ya wayo palikuwa na lengelenge kubwa kama shilingi ishirini. Mafuta ya viazi yalikuwa yamenirukia jioni ile na sikuwa na habari.

Sasa nije kwenye kilichonileta. Baba watoto yuko Doha, ni dereva, huu mwaka wa tatu. Kila Ijumaa baada ya sala hupiga simu ya video, na neno la kwanza ni moja: "Umeinuka?" Mwezi wa tano nikamwambia bado. Wa sita bado. Wa saba bado, na kila nikisema bado naona uso wake unavyoshuka. Ijumaa moja mwezi wa nane akasema, "Hebu nionyeshe." Wallahi sijui ni shetani gani aliyenishika mkono. Nikaigeuza simu kwenye mguu wa kushoto, nikainua vidole, nikashusha, nikainua tena. Mume wangu alilia, Somo. Alisujudu pale pale chumbani kwao, wenzake wakimtazama, na mimi mwenyewe sijida nimeisahau.

Tangu siku hiyo mambo yamekimbia. Amempigia mamake, mavyaa wangu akanichinjia kuku. Pesa za fizio amesema sasa ziende kwenye kiwanja Mtwapa, mwenye nacho anataka malipo ya kwanza mwisho wa mwezi ujao. Na anakuja likizo mwezi wa kumi na mbili. Mimi fizio nalipa kwa pesa niliyopokea kwenye chama, nayo imebakia ya kwenda mara sita tu.

Anayejua ni wifi yangu peke yake. Anasema fizio ni wizi, miezi saba tangu niumie hakuna kitu, anataka kunipeleka kwa bibi mmoja Kisauni anayekanda kwa mafuta ya moto na tofali la moto lililofungwa kitambaa. Anasema amesimamisha watu waliopooza. Fizio naye ameniambia nikapimwe neva kwa umeme, na ikionekana haiamki kuna upasuaji wa kuhamisha kano. Nikisikia upasuaji, hata ule mguu mzima unaniishia nguvu.

Niache fizio? Niende kwa bibi? Na mume wangu nimwambieje, au ningoje, huenda mguu ukainuka kabla hajashuka ndege? Mimi ni mwongo, najua. Naogopa nitampoteza.

Mama wa Majengo

*

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Pole sana. Barua yako nimeisoma usiku, nikaisoma tena asubuhi, na ile mara ya pili nikakwama kwenye maneno uliyoyapitia haraka haraka: fizio anapokugonga, na shoti inateremka. Umeyaandika kama mtu anayeelekeza njia ya dukani. Niruhusu nianze na hapo, kisha nije kwenye simu ya Ijumaa.

Mimi si daktari. Haya nimeyapata kwa kuwauliza wenye kazi yao, na kwa kumuuguza mtoto wa dada yangu aliyeumia neva ya mguu kwa sindano ya tako. Neva inayoinua wayo hujizungusha kwenye shingo ya ule mfupa mwembamba wa nje, chini ya goti, tena iko juu juu, ngozi ndiyo blanketi yake. Mfupa ukivunjika pale huiumiza. Plasta ikibana pale huiumiza pia. Kwa hiyo swali lililo nyuma ya maneno yako, kwamba ni pikipiki au ni plasta, mimi siwezi kulijibu kutoka hapa, na huenda ni vyote viwili. Una haki ya kuomba faili lako na kuuliza. Ila mwezi huu una mengine yanayokimbizana na siku.

Ndani ya neva mna nyuzi, na nje mna ganda. Ikibanwa tu bila nyuzi kukatika, huamka baada ya wiki kadhaa, au miezi miwili mitatu. Wewe umeshapita hapo. Nyuzi zikikatika na ganda likabaki, zile za chini hufa na mpya huanza kuchipua kutoka juu, mwendo wa kama milimita 1 kwa siku, sentimita 3 kwa mwezi. Neva ikikatika yote, au kovu likaziba njia, nyuzi haziwezi kufika bila mkono wa daktari mpasuaji. Hiyo ya pili na hii ya tatu huwezi kuzitenganisha kwa kuutazama wayo. Ndiyo maana kijana wako anataka upimwe kwa umeme.

Na ndiyo maana anakugonga. Njia hiyo aliieleza daktari Mfaransa, Jules Tinel, mwaka 1915, alipokuwa akitibu askari wa vita. Pale shoti inapoanzia ndipo zilipofika ncha changa za nyuzi. Yako ilikuwa gotini, sasa iko katikati ya muundi. Mwanangu, kwa miezi hii yote uliyokuwa ukisema "bado", kulikuwa na kitu kinatembea ndani ya mguu wako, na kimeandikwa kwenye daftari la mtu mwingine. Ulimwonyesha mumeo habari ya uongo siku ambayo ulikuwa na habari ya kweli, ila hakuna aliyekwambia jina lake.

Sitaki kukupamba maneno, lakini. Nyuzi za kuhisi kusogea si sawa na msuli kutii. Msuli unaoinua wayo huanzia karibu na goti, kwa hivyo kufikia sasa mtu angetarajia japo kucheza kidogo chini ya ngozi. Na msuli usiopata neva husinyaa. Ukikaa mwaka mmoja, mwaka na nusu, unaanza kushindwa kuipokea hata neva ikifika. Daktari wa neva akiwa na la kufanya, hulifanya vizuri zaidi mapema. Kupimwa wiki hizi na kupimwa mwaka ukishapinduka ni vitu viwili tofauti. Hospitali kuu ya Makadara wanaweza kukuelekeza kipimo kinapatikana wapi, na ukiwa umejisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali, uliza wazi wazi ni kipi inalipia na kipi utalipa mwenyewe.

Kuhusu fizio, nakuuliza kwa upole: ulikuwa ukitarajia nini? Naona umekuwa ukienda pale kama mtu anayekwenda kuamsha mtu aliyelala, na kila asipoamka unatoka umeshindwa. Mazoezi hayaivuti neva. Hiyo ina mwendo wake, haina wa kuiharakisha. Mazoezi yanatunza nyumba mpaka mwenyewe arudi. Wayo unaoning'inia huachia kano ya kisigino ifupike kidogo kidogo, na ikishafupika, neva inaweza kufika na wayo usiinuke. Hata ule upasuaji unaouogopa unadai kifundo kilicho laini. Kwa maana hiyo, ile kazi ya kuvuta kisigino ina faida njia yoyote utakayoifuata, na ndiyo ambayo haihitaji shilingi 1,000.

Unazo leso nyumbani. Kaa kitako, mguu umenyooka, goti lisikunjike, pitisha leso chini ya vidole, vuta kuja kwako polepole, shika nusu dakika, achia, rudia mara kadhaa asubuhi na jioni. Mwombe fizio akutazame ukifanya mara moja mbele yake, halafu umuulize kama zile mara sita zilizobaki zinaweza kutawanywa, mara moja kila wiki mbili, akukague na kukugonga, siyo kukuvuta. Hatari yake ni kwamba nyumbani mtu huchoka. Leo wageni, kesho mbaazi zinaungua, wiki imepita. Wewe unajijua. Mashine ya umeme usiililie sana, wataalamu wenyewe hawajakubaliana kama inaongeza kitu kikubwa.

Jambo moja sikuliona kwenye barua yako likanishangaza: gango. Kuna gango jepesi la plastiki linaloshika wayo usianguke, linaingia ndani ya kiatu cha kufunga. Chini ya buibui halionekani, pindo hulikanyagi, na ndara haitakuvuka kwa sababu hutavaa ndara. Watu hudhani litaulegeza mguu zaidi. Kazi yake ni kukuzuia usianguke ukavunja mfupa mwingine. Waulize APDK, wale wa karakana za Bombolulu, kazi yao ni watu wenye ulemavu na vifaa vyao. Ukilivua, tazama ngozi. Alama nyekundu ikikaa nusu saa bila kutoka, lirudishe lirekebishwe. Kwenye karai la mafuta vaa kiatu kilichofunika wayo, na kila usiku binti yako au wewe mwenyewe mkague ngozi kama alivyofanya siku ile.

Na mbuzi! Umesema unakuna nazi asubuhi. Kile kibao ni cha chini, magoti yanakunjika mpaka mwisho, na kukaa umechutama kwa muda mrefu ni miongoni mwa mambo yanayojulikana kuibana neva hiyo hiyo. Pandisha mbuzi juu ya benchi, au mtoto akunie. Usikunje nne pia.

Wifi yako nampenda bila kumjua. Amebeba siri yako na anataka upone, usimfukuze. Mtu kukupaka mafuta ya vuguvugu na kukuchua shavu la mguu kwa mikono laini, sijasikia anayekataza. Tofali la moto ndilo linalonitia hofu. Ngozi ambayo haikusikia mafuta ya viazi haitasikia tofali, na bibi atasubiri useme "linachoma", nawe hutasema. Kidonda cha mguu uliokufa ganzi hupona kwa taabu. Kukandamizwa kwa nguvu pale ubavuni mwa goti nako ni kuikandamiza neva yenyewe. Hao waliosimamishwa sitawakanusha, ila mkumbuke wale ambao neva zao zilibanwa tu. Hao huamka wenyewe, na anayekuwa amewashika mguu siku hiyo ndiye anayepata sifa.

Kuhamisha kano kunavyofanywa ni hivi: huchukuliwa kano ya msuli wa ndani ya mguu, unaoendeshwa na neva nyingine iliyo nzima, ikapitishwa mpaka juu ya wayo ili ifanye kazi ya kuinua. Kunaweza kufanywa hata baada ya miaka, hivyo asikuharakishe mtu. Baada yake kuna wiki za plasta tena, na najua neno hilo linavyokukereketa, halafu miezi ya kuufundisha msuli kazi mpya. Kuna kuambukizwa, kuna kano kulegea, na wayo mara nyingi hauinuki kama wa mwenzake. Wapo waliotembea bila gango kwa sababu yake. Kuogopa ni haki yako. Nenda na hofu yako kwa mpasuaji, umuulize ameshawafanyia wangapi na wanatembeaje.

Sasa mumeo. Umeandika unaogopa kumpoteza, nami nimerudi nyuma kutafuta alikosema neno la kukuacha. Nimemwona anauliza, nimemwona analia, nimemwona anasujudu. Hilo la kukuacha sikuliona. Labda lipo na hukuliandika. Labda ni wewe uliyemsemea. Mtu aliye mbali na mkewe aliyeumia hana kitu cha kushika isipokuwa swali, na swali likiulizwa kila Ijumaa linageuka mtihani, na wewe ulichoka kufeli. Hivyo ndivyo nilivyokuelewa. Alipoteremsha uso huenda hakuwa amekasirika, huenda alikuwa na woga kama wako. Lakini siwezi kukuahidi kwamba hatakasirika akijua. Amesujudu kwa ajili ya mguu wa kushoto. Atakuwa na haki ya kuumia.

Kungoja mguu uinuke kabla hajafika, hebu tuupige hesabu. Kutoka sasa mpaka mwezi wa kumi na mbili neva ikienda vizuri kabisa itasogea sentimita nane, tisa. Na msuli ukiamka huanza kwa kucheza kidogo tu, ndipo polepole upate nguvu ya kuubeba wayo. Mguu hauwezi kukutunzia miadi ya uwanja wa ndege.

Kungoja aje ndipo umwambie ana kwa ana kuna uzuri wake, kwani mtu akiumia unaweza kumshika mkono. Ila kiwanja kitakuwa kimeshalipiwa, kipimo kitakuwa kimengoja pesa, na yeye atahesabu Ijumaa moja moja akirudi nyuma. Kumwambia sasa kwa simu ni kumwachia uchungu katika chumba cha watu wengine, na kesho yake alfajiri anashika usukani. Ukichagua hivyo, itazame saa, na umwombe atoke nje kwanza. Kumpitishia kwa kakake au kwa mavyaa ni kuiruhusu habari iote miguu ambayo wewe huna. Na kuna njia ya katikati, kumwomba asogeze malipo ya kiwanja bila kusema sababu. Inakununulia wiki mbili tatu, lakini inafunika kifuniko kwa kifuniko. Wewe ndiye uliyelala naye na kuamka naye, unajua ni ipi ataibeba.

Siku utakayomwambia, iwe lini, usiende mikono mitupu. Mara nyingine fizio akikugonga, mwambie asimame pale pale shoti inapoanzia, na wewe utie nukta ya hina. Baada ya mwezi tia nyingine. Andika tarehe kando yake, na upige picha. Mguu wa kulia.

Somo